Cleveland Browns na drafti: kuzaa sio kazi

Hapa Ohio ukitaka kujua historia ya Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani ule wa kushika mikononi, usihangaike na vitabu, nenda duka la mitumba. Baridi yangu ya kwanza huku niliingia kutafuta sweta nikakuta hanga nzima ya jezi za kahawia na chungwa, dola 6, dola 7, nyingine hata hazijafuliwa mara tatu, nikajua leo nimeokota dodo chini ya mnazi. Nikachukua namba 33, mgongoni imeandikwa RICHARDSON, kesho yake nikatinga nayo gala tulilokuwa tunapakia mizigo. Mzee wa shifti yetu, amezaliwa kaskazini huko karibu na ziwa Erie, shabiki wa Browns toka anazaliwa, akaniangalia kama nimevaa sanda. Akauliza, hiyo umeinunua au umelipwa uivae?

Ndo siku nilipoanza kuelewa. Ile hanga haikuwa ya jezi, ilikuwa makaburi ya drafti. Namba 2 ya Couch, namba 10 ya Quinn, namba 3 ya Weeden, namba 2 tena safari hii ya Manziel, kila moja kuna familia ilitoa dola zaidi ya mia ikiamini huyu sasa ndo mkombozi, miaka miwili mbele jezi ipo kwenye mfuko mweusi inaenda kutolewa sadaka.

Kwa wasiojua, hii drafti sio ile ya vizibo vya soda kijiweni. NFL, ligi yenyewe ya mpira huo, ina timu 32, kila mwaka mwezi wa nne hivi vijana waliotoka kucheza vyuoni wanawekwa mezani na timu zinachagua kwa zamu, raundi 7, aliyeshika mkia msimu uliopita anaanza. Hamna akademi za timu kama Ulaya, hamna viongozi kumficha mchezaji hotelini asiporwe na wapinzani, ukishaitwa jina lako na timu fulani umeitwa. Ila ile zamu yenyewe ni mali, unaweza kuiuza, kubadilishana, hata kuweka rehani ya mwakani. Lengo la mpango wote ni mnyonge anyanyuke. Sasa Browns toka warudi kwenye ligi 1999 wamechagua wa kwanza kabisa mara 4, yaani 1999, 2000, 2017 na 2018, na mpaka leo wanaanza msimu wakitafuta mtu wa kurusha mpira.

Jibu la haraka ambalo kila mtu analo ni kwamba hawa jamaa ni vipofu, hawajui mchezaji. Mimi nakataa, na nitakwambia kwanini.

Anza na 1996. Novemba 1995 mwenye timu wa enzi hizo, Art Modell, alitangaza anahamisha timu kwenda Baltimore, watu wazima wakalia uwanjani, baada ya mivutano mirefu ikakubaliwa jina, rangi na historia zibaki Cleveland lakini wachezaji na ofisi viende, wakaitwa Baltimore Ravens. Ile ofisi iliyotoka Cleveland, ikiongozwa na Ozzie Newsome ambaye maisha yake yote ya kucheza aliyamalizia Browns, kwenye drafti yake ya kwanza tu huko ikamchukua Jonathan Ogden kwa namba 4 na Ray Lewis kwa namba 26. Wote wawili sasa wapo Jumba la Heshima la mchezo huu, ambalo kwa uchungu zaidi lipo Canton, hapo hapo Ohio. Januari 2001 wakabeba Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi. Kwahiyo macho yalikuwepo, tena yalitokea Cleveland. Kilichobadilika ni nyumba.

Alafu cheki waliorudi 1999. Familia ya Lerner imetoa dola milioni 530 kupata timu mpya, chaguo la kwanza kabisa wakamchukua Tim Couch wa Kentucky, kwotabeki, yule mtu anayeshika mpira kila shambulizi likianza na anayeamua urushwe wapi. Sasa kwotabeki ni kama nahodha wa jahazi, hata awe hodari vipi jahazi likiwa linavuja mtazama wote. Wanaomlinda mbele walikuwa watu wa kuokoteza kutoka timu nyingine maana timu ilikuwa ya kuanza sifuri. Mechi ya kwanza ya kurudi, nyumbani, mji mzima umekesha ukisubiri, Pittsburgh Steelers wakawapiga 43 kwa 0. Couch ule msimu aliangushwa na mpira mkononi mara 56. 56! Kijana wa miaka 22. Watu wanasema wangemchukua Donovan McNabb aliyeenda namba 2 Philadelphia, sawa, McNabb alikuwa bora, ila mimi najiuliza McNabb naye akilala chini mara 56 mwaka wake wa kwanza angekuwa McNabb yupi.

Za katikati nazipitia mbio. 2000 Courtney Brown, namba 1, majeraha yakammaliza. 2001 Gerard Warren namba 3, na nyuma yake namba 5 na 6 wakatoka LaDainian Tomlinson na Richard Seymour, wote Jumba la Heshima. 2004 hii inauma zaidi, wakalipa chaguo la raundi ya pili kusogea nafasi moja tu, kutoka 7 kwenda 6, wampate Kellen Winslow mdogo, na namba 11 Steelers wakamuokota Ben Roethlisberger, mtoto wa Findlay, Ohio, aliyesoma chuo Ohio, akaenda kuwapiga Browns karibu miaka 18 mfululizo na kubeba Super Bowl mbili. Winslow akavunjika mguu mechi ya pili, mwaka uliofuata akaanguka na pikipiki. Hapo unaweza kusema nuksi.

Lakini namba 22 sio nuksi. Namba 22 ndo inaonyesha ugonjwa wenyewe, nisikilize vizuri hapa maana inazunguka.

2007 Browns walikuwa na namba 3, wakachukua wanachotaka, alafu wakamuona Brady Quinn wa chuo cha Notre Dame bado amekaa chumba cha kusubiri kule New York, kamera zimemkodolea saa nzima na zaidi, hakuna anayemtaka. Huruma ikawashika au tamaa sijui, wakawapa Dallas chaguo lao la raundi ya kwanza la mwaka unaofuata pamoja na la raundi ya pili ili wampate Quinn kwa namba 22. Na lile chaguo la 2008 walilowapa Dallas likaja kuangukia namba ngapi? 22. Quinn akaanza mechi 12 tu Cleveland, kocha aliyemchukua akafukuzwa, mpya akaja na yake, 2010 kijana akauzwa Denver.

2011 wakawa na namba 6. Atlanta wakaja na gunia la machaguo matano wakitaka nafasi hiyo wamchukue Julio Jones, mdakaji wa Alabama ambaye baadae alidaka zaidi ya yadi 13,000. Kwenye karatasi ile biashara ilikuwa nzuri na mimi mpaka kesho naitetea, timu mbovu inahitaji watu wengi sio mtu mmoja. Shida ni ulichonunua na hela uliyopata. Mojawapo ya yale machaguo ya Atlanta ilikuwa raundi ya kwanza 2012, ikatoka namba 22, na Browns wakaitumia kumchukua Brandon Weeden, kwotabeki wa miaka 28, aliyepoteza ujana wake akirusha mpira wa besiboli kwenye timu ndogo za Yankees, Dodgers na Royals. Miaka 28! Mwenzie Russell Wilson alikuwa bado yupo mezani mpaka namba 75, Seattle wakamchukua na msimu wake wa pili tu akabeba Super Bowl.

Mechi ya kwanza ya Weeden, Septemba 2012 nyumbani dhidi ya Philadelphia, kabla ya mchezo kuna ile bendera ya Marekani wanaitandaza uwanja mzima, wanajeshi na watu wa kujitolea wameishika pembeni. Weeden alikuwa uwanjani anapasha, hakuona kumetokea nini, bendera ikamfunika. Kuna picha, kichwa kinachungulia chini ya kitambaa, mkono umeinua bendera, jamaa anatafuta njia ya kutokea kama mtoto aliyejificha kwenye chandarua. Mechi ilipoanza pasi zake 4 zikadakwa na wapinzani, wakafungwa 17 kwa 16. Ukiniuliza picha moja inayoeleza ile timu miaka hiyo yote ntakupa hiyo.

Drafti hiyo hiyo ya 2012 ndo aliyotoka Trent Richardson wa jezi yangu. Browns walikuwa namba 4, wakatoa machaguo matatu ya ziada wasogee namba 3, nafasi moja, kama vile somo la Winslow halikuwahi kutokea. Na Richardson msimu wa kwanza hakuwa mbaya, alikimbia yadi 950 akafunga mara 11 kwa kukimbia, tena akiwa na mbavu zinauma. Lakini timu ikauzwa mwaka huo huo kwa Jimmy Haslam, Haslam akaleta wakubwa wake, wakubwa wapya wakaangalia wakasema huyu sio wa kwetu, Septemba 2013 baada ya mechi mbili tu za msimu wake wa pili wakamuuza Indianapolis Colts. Mchezaji namba 3, miezi 17. (Kwa faida yetu watu wa Afrika Mashariki, Colts hiyo hiyo mwaka huo huo ilimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyetokea kwenye raga na hajawahi kucheza huu mchezo hata dakika moja, hakupita drafti yoyote, akacheza NFL msimu ule ule. Mzee wa shifti nilipomwambia akasema basi Browns wangekuja Nairobi, isingekuwa mbaya zaidi.)

Colts walilipa chaguo lao la raundi ya kwanza 2014, likatoka namba 26. Browns wakaongeza kitu juu wakasogea mpaka, ndio, 22, wakamchukua Johnny Manziel. Mwenye timu mwenyewe alisimulia kwamba siku zile kila alipopita mjini watu wanamwambia mchukue Manziel, mpaka ombaomba mmoja wa barabarani alimwambia. Na mimi sina neno na ombaomba, inawezekana anaujua mpira kunizidi, ila ukishaona mwenye mali anasimulia hilo kwa tabasamu ujue maskauti waliozunguka vyuo mwaka mzima walikuwa wanapoteza mafuta ya gari. Manziel alipoanza mechi yake ya kwanza Cincinnati wakawachapa 30 kwa 0. Jumla alianza mechi 8, akashinda 2, Machi 2016 wakamuacha. Na mapema usiku ule wa drafti, kwa namba 8, walimchukua Justin Gilbert huku Aaron Donald, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa ulinzi, akisubiri mpaka namba 13.

Sasa unganisha. Julio Jones akawa Weeden, Richardson akawa Manziel, na katikati ya yote hayo hakuna bosi aliyekaa akaona mti aliopanda. Kati ya 2009 na 2017 wamepita wakuu wa usajili 6 na makocha wakuu 5. Huyu anachagua, yule anafundisha, wa tatu anauza. Wachezaji wote wakawa watoto wa kambo, maana kila baba mpya anayeingia anawaambia nyie mmekutwa hapa. Wazee walishasema kuzaa sio kazi, kazi kulea, na jirani zao Steelers toka 1969 mpaka 2024 walikuwa na makocha watatu, watatu tu, Noll, Cowher na Tomlin, na sio kwamba Steelers hawakosei drafti, wanakosea sana, ila mchezaji wao akichelewa kukomaa anakuta aliyemchukua bado yupo ofisini.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu ni yule aliyechukuliwa masaa machache kabla ya Quinn. Joe Thomas, namba 3, 2007. Siku ya drafti wenzake wamevaa suti New York, yeye alikuwa kwenye boti ziwa Michigan anavua samaki na baba yake. Kazi yake ni kumlinda kwotabeki upande wa kushoto, kazi ambayo hakuna mtoto anayenunua jezi yake. Akacheza mipira 10,363 bila kutoka uwanjani hata mara moja, toka 2007 mpaka msuli wa mkono ulipochanika Oktoba 2017. Miaka 10 ya kwanza yote alichaguliwa kikosi cha nyota. Amelinda makwotabeki karibu 20 tofauti, na hakucheza hata mechi moja ya mtoano. 2023 wakamuingiza Canton. Ukitaka ongeza Alex Mack, Joe Haden, Joel Bitonio wa raundi ya pili 2014, Myles Garrett, Denzel Ward, Nick Chubb. Hao wote ni macho ya Browns. Timu ya vipofu haipati hao. Angalia lakini walichofanana, karibu wote ni watu ambao kazi yao haibadiliki sana kocha akibadilika. Kumzuia mtu ni kumzuia mtu, kumkimbiza ni kumkimbiza. Kwotabeki ndo anayejifunza lugha mpya kila bosi akija, na Browns walikuwa wanabadilisha lugha kila baada ya miezi 18. Makwotabeki walioanza mechi toka 1999 sasa wamepita 40.

Namba 73 ya Thomas sijawahi kuikuta mitumba.

Kile kipindi cha 2016 na 2017 kilikuja na watu wa mahesabu, Sashi Brown na Paul DePodesta aliyetoka besiboli, wakasema tuuze kila kitu tukusanye machaguo. 2016 walichagua watu 14. Namba 2 wakawauzia Philadelphia, wakarudi nyuma tena wakaishia namba 15 na Corey Coleman, mdakaji ambaye miaka miwili baadae aliuzwa kwa chaguo la raundi ya 7. Wakashinda mechi 1 wakapoteza 15, mwaka uliofuata wakapoteza zote 16, mashabiki wakafanya maandamano ya gwaride kuzunguka uwanja kwenye baridi kali Januari 2018 kusherehekea sifuri kamili. Mimi ndo nasema hivi, na mzee wa shifti hajanisamehe: Sashi Brown alikuwa sahihi kuliko waliomtangulia wote. Garrett ni wake. Ward na Chubb walichukuliwa kwa machaguo aliyoyapata yeye kutoka Houston. Alifukuzwa Desemba 2017, kabla ya kuchuma.

John Dorsey, mkuu mpya wa usajili, akaja akachuma, 2018 namba 1 Baker Mayfield. Septemba ile aliingia katikati ya mechi na Jets, wakashinda 21 kwa 17, ushindi wa kwanza baada ya mechi 19, kuna friji za bia zilikuwa zimefungwa minyororo mjini mpaka timu ishinde, usiku ule zikafunguka. Miaka mitatu Mayfield akafundishwa na makocha wakuu wanne. Wanne. Januari 2021 hata hivyo akawapeleka Pittsburgh wakashinda 48 kwa 37 mechi ya mtoano, na mwaka mmoja bega limeumia, wakamchoka.

Hapo ndo 2022 wakawapa Houston machaguo matatu ya raundi ya kwanza kwa Deshaun Watson na mkataba wa dola milioni 230 zote za uhakika. Huyu Watson ndo yule 2017 ambaye Browns waliuza namba 12 Houston wakamchukua nayo. Waliuza nafasi ya kumpata akiwa kijana wakalipa mara tatu kumpata akiwa anasubiri adhabu, maana ligi ilimfungia mechi 11 kwa mwenendo wake baada ya wanawake zaidi ya 20 kumfungulia kesi za madai. Mpaka mwisho wa 2024 alikuwa ameanza mechi 19. Houston moja ya yale machaguo waliichanganya na mengine wakampata Will Anderson, mchezaji bora mpya wa ulinzi 2023. Na Mayfield, waliyemtoa kwa chaguo la raundi ya chini, 2024 alirusha pasi 41 za kufunga akiwa Tampa Bay. Tampa hawakumchagua, walimlea.

2025 wakarudi kuwa na busara nusu siku. Namba 2 wakawauzia Jacksonville waliomtaka Travis Hunter, wakachukua Mason Graham kwa namba 5, wakabaki na chaguo la raundi ya kwanza la 2026. Nikasema haya, mkuu wa usajili Andrew Berry yupo toka 2020, pengine wametulia. Alafu raundi ya tatu wakamchukua Dillon Gabriel, kwotabeki, namba 94. Na raundi ya tano, namba 144, wakamchukua Shedeur Sanders, kwotabeki mwingine, drafti moja, huku kambini tayari kuna wengine. Mazoezi yana mipira mingapi ya kugawana?

Jumamosi ile Sanders alipoitwa simu yangu ikalia, mzee wa shifti, amestaafu sasa lakini bado tunaandikiana. Hakuandika chochote kuhusu mpira. Aliuliza navaa saizi gani. Nikamwambia laji, ila sina haraka.